Kwa nini tuwatafute waliokaribiana na mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo chuoni?

Kiongozi wa bweni: Ndugu zangu, mwanafunzi mmoja akithibitika kuwa na homa ya uti wa mgongo, kuna haja gani ya kuandika majina ya waliokaribiana naye badala ya kuwapa dawa wanachuo wote?

Muuguzi: Ndugu, bakteria wa meningokoki, wanaosababisha homa hiyo, hupita kwa mate na makohozi baina ya watu waliokaribiana sana, si kwa kuketi tu katika ukumbi mmoja wa mihadhara. Wanaotafutwa ni wenzake wa chumbani na aliobusiana nao katika siku 7 kabla hajaugua, ili wapewe dawa ya kinga, kwa mfano dozi moja ya siprofloksasini, ikiwezekana ndani ya saa 24 tangu mgonjwa atambuliwe. Kuwagawia maelfu dawa hiyo bila sababu huchochea usugu wa vijidudu na kuchelewesha dawa kwa walio hatarini kweli.

Mwanafunzi wa afya ya jamii: Naongeza kwamba orodha isiishie getini. Machi 2014 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, alifariki kwa homa hii baada ya kukaribiana na wanafunzi wa chuo kingine, Princeton, ambako mlipuko wa meningokoki aina B ulikuwa umeanza mwaka 2013 na wengi walikuwa wameshachanjwa. Chanjo hiyo humkinga aliyechanjwa, lakini haimzuii kubeba bakteria kooni.

Kiongozi wa bweni: Nashukuru. Je, mgonjwa akiogopa kumtaja mpenzi wake?

Muuguzi: Aahidiwe siri, na ahadi itunzwe. Anayepigiwa simu huambiwa afike zahanati kwa dawa, bila kutajiwa mgonjwa ni nani.