Chenji ya dola inanisumbua dukani Harare, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu, mimi Mtanzania nina kaduka ka vyakula hapa Mbare, Harare. Wateja wengi wanalipa dola za Marekani, sasa shida ni chenji, mama anakuja na noti ya dola tano imechakaa imebandikwa selotepu anataka sukari kidogo na mkate, sina cha kumrudishia. Nimejaribu kuwaandikia vikaratasi, nimejaribu kutoa pipi, wananuna, na bibi wa watu unamrudishiaje pipi kweli? ZiG, yaani pesa ya Zimbabwe, naogopa kukaa nazo, Septemba 2024 dola iliruka toka ZiG kama 14 mpaka 24 kwa siku moja, tena bei ya serikali. Je, nifungashe vitu vya dola moja moja? Na ZiG nikizipata ninunue mzigo siku hiyohiyo? Mliofanya biashara huku nisaidieni jamani.