McKinsey wamelipa tena. Sisi bado tunawaita waje watuelekeze?

Kipanga_Mweupe
Wakuu, salaam. Disemba 2024, ndani ya wiki mbili tu, kampuni ya ushauri ya McKinsey ilikubali kulipa mara mbili huko Marekani. Kwanza zaidi ya dola milioni 122 kwa rushwa ya Afrika Kusini, kazi za mashirika ya umma Transnet (reli na bandari) na Eskom (umeme). Halafu dola milioni 650 kwa kuishauri Purdue Pharma jinsi ya kuuza zaidi OxyContin, vile vidonge vya maumivu vilivyowageuza watu mateja. Na 2021 walikuwa wameshalipa majimbo dola milioni 573 kwa habari hizohizo za vidonge. Mkubwa wao mmoja wa zamani amekiri kuharibu kumbukumbu.

Kampuni ilianzishwa Chicago 1926 na James McKinsey, mwalimu wa uhasibu chuo kikuu. Mhasibu, wakuu! Leo jina lake likitajwa mkutanoni mabosi wanakaa wima.

Swali langu: serikali zetu na mashirika ya umma ziendelee kuwalipa watu hawa? Naomba hoja, matusi pelekeni jukwaa la mpira.

Suti_ya_Kaunda
Wanaofanya kazi ndio wanaokosea. Nyie huko maofisini hamwezi kutozwa faini, maana kuanzia asubuhi mpaka saa tisa na nusu ni chai na vitumbua.

Halafu acheni kujifanya enzi za Ujamaa mambo haya hayakuwepo. Mwalimu mwenyewe aliwaita McKinsey. Madaraka Mikoani ya 1972 ni mchoro wao. Tulieni.

BintiMkulima_77
Wee! Usimsingizie Baba wa Taifa. 1971 TANU inatoa Mwongozo, inakemea viongozi wenye ubwana, halafu papo hapo Mwalimu akodi mabepari wa Kimarekani waje kumpangia serikali? Weka ushahidi au futa.

Mtumishi_Mstaafu
Binti yangu, usimfokee bure, hapo kasema kweli. Walikuja. Walianzia kwenye mashirika ya umma, NDC la maendeleo na STC la biashara, kisha wakaombwa waitazame serikali yenyewe. Mimi nilikuwa karani mdogo wa halmashauri ya wilaya. Tulichoona sisi wa chini ni kwamba kila mkoa ulipata Mkurugenzi wa Maendeleo, tukimwita RDD, na wilaya ikapata wake. Yote hayo chini ya ofisi ya Waziri Mkuu, Mzee Kawawa, aliyekuwa ndio kwanza ameshika nafasi hiyo mwaka uleule. Halmashauri za wilaya zikafutwa 1972, za miji mwaka uliofuata.

Suti_ya_Kaunda
Shikamoo mzee. Kesi imefungwa, tukalale.

BintiMkulima_77
Shikamoo haijaitikiwa unafunga kesi? Mwalimu alitaka madaraka yaende kwa wananchi. Kama yalipotea njiani, waliochora njia ni nani? Si haohao McKinsey wako? Umenisaidia kazi.

Mchora_Ramani
Hapa wote mnavutana kamba moja. Nia ilikuwa kuyatoa madaraka Dar. Yakatoka kweli, yakapanda basi, yakashukia makao makuu ya mkoa kwenye ofisi ya RDD na hayakupata nauli ya kwenda kijijini. Diwani aliyechaguliwa na watu akaondoka, akaja mtaalamu aliyeteuliwa. Ukiwa umezoea kupanga makampuni, hiyo ni safi kabisa: meneja, malengo, bajeti, taarifa ya robo mwaka. Ila wilaya si tawi la kampuni, na mwananchi si mteja wala mfanyakazi wa RDD.

Lakini sahihi hakuweka McKinsey. Mwalimu mwenyewe mwaka 1984 aliulizwa na jarida moja la nje, akasema angekuwa anaanza upya yapo mambo asingeyarudia, akataja kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Aliyabeba mwenyewe. Hakusema "niliambiwa na wataalamu".

BintiMkulima_77
Ndiyo tofauti ya Mwalimu na hawa wa sasa. Asante.

Suti_ya_Kaunda
Sasa amekuwa shujaa kwa kukubali kosa mlilokataa dakika tano zilizopita kwamba alilifanya 😂

Nyang'au_Halisi
Wabongo bana! Miaka yote mkituita sisi Wakenya nyang'au, man-eat-man sijui nini, kumbe McKinsey alikuwa amekaa sebuleni kwenu anakunywa maji ya dafu.

Kwetu nitawaambia ya KQ, yaani Kenya Airways. Mwaka wa fedha 2014/15 ilipata hasara ya bilioni 25.7 za Kenya. Wakaitwa McKinsey waiokoe. Mwaka uliofuata hasara ikawa bilioni 26.2. Marubani wakapiga kelele kuhusu pesa za washauri, nafasi ya kutua Heathrow ikaenda kwa Oman Air kwa dola milioni 75. Sisemi McKinsey ndio waliiua, ndege zilinunuliwa kwa madeni kabla hawajafika. Lakini mganga akija na mgonjwa azidi kuugua, si utauliza dawa ni ya nini?

Suti_ya_Kaunda
Mganga kaitwa mgonjwa yuko kitanda cha mwisho, halafu mwaka mmoja tu unataka acheze mpira? Na kauli mbiu yenu Fahari ya Afrika. Fahari ya madeni.

Nyang'au_Halisi
Afadhali madeni ya ndege zinazoruka. Zenu za Air Tanzania si ziliegeshwa zikisubiri injini?

Mzalendo_Kweli
Tatizo la injini lilikuwa la dunia nzima, hata Uswisi waliegesha. Usilete chuki zako hapa. Nchi yako mkate bei gani?

Nyang'au_Halisi
Mkate umeingiaje?

Kipanga_Mweupe
Jamani. Mada ni McKinsey.

Dokta_wa_Mtaani
Mada ni rahisi. Mkuu wa McKinsey mwenyewe, Gupta, alifungwa kwa kuifilisi Eskom pamoja na Zuma. Kampuni ambayo bosi wake ni jambazi unaikodi ya nini?

Kipanga_Mweupe
Dokta, uko upande wangu lakini umechanganya dawa. Kuna Rajat Gupta, aliyeongoza McKinsey 1994 hadi 2003. Huyo alihukumiwa New York 2012, miaka miwili, kwa kuvujisha siri za bodi ya benki ya Goldman Sachs kwa Rajaratnam, mwekezaji wa hisa. Moja ya hizo ni ile ya tajiri Warren Buffett kuingiza dola bilioni 5 kwenye benki hiyo Septemba 2008. Wale wa Zuma ni ndugu watatu, Ajay, Atul na Rajesh, ukoo mwingine. McKinsey kule Afrika Kusini walishirikiana na Trillian, kampuni iliyokuwa karibu na ndugu hao, na 2018 wakairudishia Eskom karibu randi bilioni moja.

Dokta_wa_Mtaani
Kwa hiyo nimekosea jina tu, wizi uko palepale.

Suti_ya_Kaunda
Hujakosea jina, umekosea mtu, nchi na kosa. Jina ndilo pekee ulilopatia. Na Rajat alivujisha akiwa ameshatoka kwenye uongozi wa McKinsey. Skilling, yule bosi wa Enron aliyefungwa, naye mkimtaja, alishaondoka McKinsey zamani.

Dokta_wa_Mtaani
Wote wameshaondoka. Nyumba ina wezi lakini ukibisha hodi wote wamehama. Sawa.

Zuhra_wa_Baraste
Mie nina swali la lugha, mnisamehe. Nani aliyewabandika washauri hawa jina la "mtaalamu mwelekezi"? Anaelekeza wapi na yeye njia hajaipita? Kwetu mtu anayepeleka maneno ya watu kwa watu, akala chake katikati, ndoa ikivunjika hayupo, tunamwita mshenga.

Mchora_Ramani
😂😂 Mshenga mwelekezi.

Suti_ya_Kaunda
Bi Zuhra, umemdhalilisha mshenga. Mshenga ni mtu wa heshima.

Zuhra_wa_Baraste
Ndiyo nikasema, baba. Mshenga anaujua ukoo wa huku na wa kule, ndoa ikitikisika ndiye wa kwanza kugongewa mlango. Nimejirekebisha: hata ushenga hawaufikii. Ni dalali basi.

Mzalendo_Kweli
Dalali hulipwa mali ikiuzwa. Hawa hulipwa hata isipouzwa.

Zuhra_wa_Baraste
Basi lugha imeniishia.

Stoo_Kuu
Nisimulie yangu. Shirika silitaji, nakula pensheni yake bado, na hao washauri wala siwataji. Walikuja vijana watatu, mkubwa wao namzidi miaka ishirini. Wakakaa stoo kwangu wiki nzima: hiki kwa nini kinachelewa, kile nani anasaini. Nikawaambia ukweli, kwamba kipuri cha shilingi elfu tano kinazungushiwa sahihi saba mashine imelala. Jambo hilo nilikuwa nimeliandikia menejimenti mara tatu, dokezo likafia kwenye trei ya mtu. Miezi miwili baadaye tunaitwa ukumbini, taa zinazimwa, naona maneno yangu ukutani yana rangi na mishale. Menejimenti inapiga makofi. Sahihi saba zikawa mbili ndani ya mwezi.

Sasa nilie au nicheke? Kitu kilifanyika. Ila kilifanyika kwa sababu kilisemwa na mtu aliyelipwa.

Kipanga_Mweupe
Stoo_Kuu umeandika mada yangu vizuri kuliko mimi.

Suti_ya_Kaunda
Na mmeona? Ushauri ulifanya kazi! Mkubwa hawezi kumsikiliza mtunza stoo, ndivyo tulivyo. Mgeni njoo mwenyeji apone. Ndiyo maana McKinsey walijengwa kwa nidhamu, si kwa porojo. Marvin Bower, wakili aliyejiunga 1933 na kuikuza baada ya James kufariki 1937, alitaka vijana wake wavae kofia mpaka miaka ya 60 huko. Akauza hisa zake kwa bei ya vitabuni ili kampuni isiwe ya mtu mmoja. Kijana asipopanda cheo, anaondoka. Nionyesheni ofisi ya umma yenye kanuni hiyo.

BintiMkulima_77
Kofia! Watu wamekufa kwa vidonge, yeye anatuletea kofia!

Mzalendo_Kweli
Hata sisi tulivaa suti za Chunlai, zile za Kichina, na nchi ilikwenda.

Mchora_Ramani
Nchi ilikwenda wapi mkuu, tuambie na sisi tuifuate.

Suti_ya_Kaunda
Binti, kofia ni mfano. Kasome tena.

BintiMkulima_77
Nimesoma. Umetetea kofia. Mtu mwenye kofia ameandikiwa kwenye karatasi za mahakama kwamba alishauri namna ya kuwafuata madaktari wanaoandikia wagonjwa vidonge vingi. Kama nidhamu ndiyo hiyo, bora chai na vitumbua.

Kijana_wa_Matokeo
Hakuna anayeikumbuka BRN, ule mpango wa serikali? 2013, Matokeo Makubwa Sasa, mtindo kutoka Malaysia, watu wakafungiwa hotelini wiki kadhaa kwenye kile walichokiita "maabara", yaani vikao vya kupanga mambo ya elimu na maji. Nilikuwa sekondari, mwalimu mkuu alibandika bango. Bango lilidumu kuliko mpango.

Mtumishi_Mstaafu
Nirudi kidogo kwenye 1972, maana mnaipita haraka. Halmashauri ilipofutwa niliambiwa niandae daftari la mali: vitanda vya zahanati, baiskeli za wahamasishaji, trekta mbili, viti, mizani ya pamba. Nikaandika wino mweusi kurasa arobaini. Nikapeleka mkoani, nikaambiwa sasa tunapanga kwa miradi, daftari hilo ni la zamani. Nilipeleka mara ya pili, karani akaniambia nisimjazie meza. Nikalirudisha nyumbani, mama watoto akalifunga kwenye kanga.

Mwishoni mwa miaka ile kipindupindu kikatembea mijini, takataka hazina mwenyewe, na 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Zetu za wilaya zikaanza tena 1984. Mkurugenzi mpya hakujua halmashauri ina mali gani. Nikampelekea lile daftari. Tukazunguka naye siku nne. Trekta moja tuliikuta kwa mtu binafsi, ya pili imebaki magurudumu. Mizani ya pamba ilikuwepo, inafanya kazi.

BintiMkulima_77
Mzee umeniliza.

Suti_ya_Kaunda
Samahani mzee wangu, bila kukuvunjia heshima. Ulikaa na nyaraka ya serikali nyumbani miaka 12?

Mzalendo_Kweli
Hata mimi nimeshtuka hapo.

Nyang'au_Halisi
Huku kwetu ungekuwa umeshtakiwa.

Mtumishi_Mstaafu
Nimesema waliikataa mara mbili. Someni.

Suti_ya_Kaunda
Walikataa kwa maandishi? Nauliza tu.

Kipanga_Mweupe
Suti, acha.

Mtumishi_Mstaafu
Mwache aulize. Hati ya makabidhiano ya 1984 ninayo, ina muhuri na sahihi mbili. Njoo Ijumaa baada ya swala uione kwa macho yako. Chai itakuwepo, na vitumbua.