Naomba ushauri: sukari ya mama haishuki asubuhi

Habari zenu wapendwa. Mama yangu ana miaka 61, ana kisukari aina ya pili na anameza vidonge vya kisukari vya metformini asubuhi na jioni bila kuruka. Sembe tumeacha, tunasonga dona. Soda hagusi, chai anakunywa bila sukari. Lakini akipima alfajiri kabla hajala, mashine inasoma 9 hadi 11 mmol/L. Mimi nashuku uji wa lishe anaokunywa usiku, kikombe kile kikubwa cha bati, nikisema ananijibu, "Si hauna sukari?" Kliniki ni wiki tatu zijazo. Wenye wagonjwa nyumbani, usiku mnawapa nini kinachoshibisha bila kupandisha? Na magimbi au muhogo, mnawapimia vipande vingapi kwa mlo mmoja?