Niache kazi ya ofisi nifungue saluni ya viti vitatu?

KitanaNaKalamu:
Habari zenu wakuu. Nina miaka 34, tisa nimeimalizia kitengo cha mikopo kwenye kampuni kubwa, nina cheo kidogo na kiti kinachozunguka, na kila Jumapili jioni tumbo linanikata nikikumbuka kesho kuna mitingi. Nataka niandike barua, nichukue mafao yangu nifungue saluni ndogo, viti vitatu, masinki mawili, drayaa na dada mmoja wa kucha. Pesa ya kula na kulipa nyumba mwaka mzima ninayo pembeni. Kusuka sijui, nisiwadanganye, ila hesabu najua na watu naweza kuishi nao. Niache au nisubiri? Naomba hoja, siyo matusi.

MzeeWaHesabu:
Binti, usiache mbachao kwa msala upitao. Mshahara hauulizi kama leo imenyesha. Saluni ikinyesha hakuna kichwa kinachoingia ila kodi ya fremu inahesabu siku vilevile. Na kusema kweli mimi sielewi, mtu umesoma mpaka digrii, umeshika mafaili ya watu wazito, halafu unaacha yote hayo ukashike vichwa vya watu?

MsusiMwenyewe:
Mzee shikamoo, lakini hapo umenigusa pabaya. "Ukashike vichwa vya watu." Nimeshika vichwa vya watu miaka 17 na vimesomesha watoto watatu. Hao watu wazito wako mafaili yao yapo ofisini ila siri zao zipo kwangu, mtu akishakaa nimemshika utosi anaongea mpaka mambo ambayo mumewe hajui. Wewe nywele zako anashika nani, au unajinyoa kwa methali?

MzeeWaHesabu:
Marahaba. Sijatukana kazi ya mtu. Na mimi nina kipara, sishikwi na yeyote.

TumaTena:
Hahahaha kipara kimeokoa jahazi. Ila mzee methali yenyewe inakusuta. Mbacha ni mkeka uliochakaa, "mbachao" maana yake huo mkeka wako mbovu. Kwa hiyo umekubali mwenyewe kwamba kazi ya dada ni mkeka mbovu.

MzeeWaHesabu:
Mbovu lakini WAKE. Msala unapita na mwenye msala.

TumaTena:
Wake wapi? Wakiamua kupunguza watu kesho, kile kiti kinachozunguka kitabaki kinazunguka na mtu mwingine.

NilirudiOfisini:
Naomba niongee maana mimi nilifanya hicho hicho anachotaka kufanya dada, nikafunga baada ya miezi 14. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba saluni haiuzi mitindo, inauza masaa. Rasta ndogo ndogo zinakula masaa sita mpaka nane, yaani kiti kimoja kichwa kimoja na siku imeisha, hata ungekuwa na wateja kumi nje huwezi kuirefusha siku. Jumanne na Jumatano viti vinatazamana, Ijumaa na Jumamosi watu wanabanana mlangoni na nusu wanaondoka wamenuna, na yale masaa ya Jumanne huwezi kuyaweka stoo uyauze Jumamosi. Piga hesabu kwa masaa ya kiti yaliyokaliwa, usipige kwa idadi ya wateja, mimi nilipiga kwa wateja na karatasini nilikuwa tajiri. Halafu amua mapema, wasusi utawalipa mshahara, utagawana nao kwa kichwa, au utawakodisha kiti. Mshahara unabeba hasara ya Jumanne peke yako. Kukodisha kiti unapata uhakika lakini hapo ujue saluni siyo yako tena, wewe ni mwenye nyumba. Mimi nililipa mshahara, na msusi wangu mzuri kuliko wote akaondoka na namba zote za wateja kwenye simu yake. Wasusi ndo walivyo.

MsusiMwenyewe:
"Wasusi ndo walivyo." Haya, wa pili huyo.
Namba za wateja wako? Nani aliwasuka? Mteja hafuati fremu wala pazia, anafuata mkono unaojua kwamba kisogoni kwake pana kidonda na nywele za mbele zinakatika ukivuta. Nyie wa ofisini mkihama kampuni mnaenda na watu wenu mnaita uzoefu, sisi tukihama ni wezi.

NilirudiOfisini:
Dada yangu sijasema wizi. Nimeandika mistari kumi umeona mmoja.

MsusiMwenyewe:
Huo mmoja ndo ulikuwa wangu.

MalkiaWaMawimbi:
Mbona mnamtisha mtu? Madam C.J. Walker wa Marekani aliacha kazi akaingia kwenye nywele akawa milionea, tena zama zile za ubaguzi. Dada ruka tu.

SodaKali:
Aliacha kazi gani Malkia? Alizaliwa 1867 Louisiana, wazazi wake walikuwa wametoka utumwani, na kabla ya nywele alikuwa anafua nguo za watu. Aliacha beseni, hakuacha kiyoyozi. Na hela yake haikutoka kwenye kiti. Alitengeneza bidhaa, akafundisha mawakala maelfu wakauza nyumba kwa nyumba, kiwanda kikawa Indianapolis. Angekaa kwenye chumba kimoja anasuka mwenyewe tusingemjua leo.

MalkiaWaMawimbi:
Sawa mwalimu. Ila milionea alikuwa.

SodaKali:
Hilo nalo wanabishana mpaka leo. Mimi ni mwalimu wa kemia kweli, na linaloniudhi ni mtu kusema "kusuka sijui lakini nitafungua". Na kuweka dawa je? Rilaksa ya kawaida, hiyo dawa ya kunyoosha nywele, ina sodiamu haidroksaidi, kitu kile kile cha kuzibulia mabomba, pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, inafika 13 na zaidi, ngozi yako ni kama 5.5. Inavunja viunganishi vya salfa ndani ya unywele na havirudi tena. Msaidizi wako akiiacha dakika tano zaidi, kichwa kinababuka na anayeshtakiwa ni mwenye jina mlangoni.

MsusiMwenyewe:
Mwalimu leo umenifurahisha. Ndo maana kuna shampuu ya kuua dawa, povu likiwa bado na upinki dawa imo, narudia mpaka litoke jeupe. Hiyo sikuipata darasani.

MalkiaWaMawimbi:
Si kuna zile zisizo na hiyo sodiamu?

SodaKali:
Zipo, zinatumia guanidini, na bado ni alkali kali. "Isiyo na" haimaanishi maji.

TumaTena:
Na kansa je? Si kuna utafiti wa Marekani 2022, wanawake elfu thelathini na kitu, waliotumia dawa za kunyoosha wote wakapata kansa ya kizazi?

SodaKali:
WOTE? Tuma jamani. Walikuwa 33,497. Waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, makadirio ya kupata saratani ya mfuko wa uzazi kufika miaka 70 yalikuwa asilimia 4.05, wasiotumia kabisa 1.64. Ni zaidi ya mara mbili, inatosha kuogopa bila kuongeza chumvi. Na utafiti umeonyesha vinaambatana, haujathibitisha kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Mnayemsahau ni anayeipaka kila siku. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, lile la Lyon, limeiweka kazi ya kutengeneza nywele kwenye kundi la "yaelekea inasababisha saratani".

MsusiMwenyewe:
Hapo nimenyamaza kidogo.
Glavu navaa. Dirisha nafungua. Miguu ndo imeshaniisha, mishipa imesimama kama ramani.

KitanaNaKalamu:
Nimerudi, nilikuwa kazini. Naona nimeitwa mtu asiyejua kitu anayetaka kufungua. SodaKali, kwani kila mwenye hospitali ni daktari? Mwenye basi lazima aendeshe? Nitaajiri wanaojua, mimi nishike daftari.

SodaKali:
Mwenye basi asiyejua gia anadanganywa na kila fundi.

MsusiMwenyewe:
Mdogo wangu, mimi sikukatai. Lakini siku msusi wako hajaja na bi harusi ameshakaa kwenye kiti, utampa daftari? Jifunze angalau kuosha, kuweka dawa na kutoa. Miezi sita, wikiendi tu, huku mshahara unaingia. Ukiona mgongo umekubali ndo uandike barua.

KitanaNaKalamu:
Wikiendi nafagia nywele kwenye saluni ya mtu halafu mteja wangu wa mkopo anaingia ananikuta na fagio?

TumaTena:
AHAAA. Kumbe na wewe "kushika vichwa vya watu" inakuchoma. Wewe na mzee lenu moja.

KitanaNaKalamu:
Siyo hivyo. Nimesema wikiendi nachoka.

NilirudiOfisini:
Dada, yale masaa ya Jumanne umeyasoma?

MsusiMwenyewe:
Mwacheni, atakuja. Fagio nitampa lenye mpini mrefu asiiname sana.

KijanaWaPembeni:
Sijasoma zote ni nyingi, ila dada nakushauri tu, usiache mbachao kwa msala upitao.

TumaTena:
Mungu wangu.

MzeeWaHesabu:
Ahsante mwanangu. Angalau mmoja.