Dola 40 bila bima, au dola 32 na likizo?

Kutoka Dallas

Habari zenu ndugu. Nina ofa mbili, zote za uuguzi. Wakala anatoa dola 40 kwa saa, fomu ya 1099 (ya mkandarasi anayejitegemea), bila bima wala likizo. Hospitali inatoa dola 32, W-2 (ya mwajiriwa), bima ya familia kwa makato ya dola 180 kila wiki mbili, likizo ya siku 20, sikukuu 6 za kulipwa, na mchango wa asilimia 4 kwenye 401(k), akiba ya uzeeni. Watoto wawili wako shule ya msingi. Mnasemaje?

Kutoka Columbus

Ndugu, usilinganishe 40 na 32. Linganisha kinachobaki mwisho wa mwaka, ukiwa umepumzika siku zilezile.

Hospitali itakulipa saa 2,080 (saa 40 kwa wiki 52) hata ukiwa likizo: 66,560. Kwa wakala, siku hizo 26 za kupumzika (20 za likizo na 6 za sikukuu) hazilipwi, kwa hiyo unabaki na saa 1,872: 74,880. Pengo ni 8,320, si zile 16,000 na ushei zinazoonekana mtu akipiga hesabu haraka. Halafu kodi. Mwenye W-2 hukatwa asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare (michango ya serikali ya pensheni na matibabu ya uzeeni), na mwajiri hulipa kiasi kilekile. Mwenye 1099 hubeba pande zote mbili, asilimia 15.3, inayopigwa kwenye asilimia 92.35 ya mapato yake halisi. Kwako ni kama 10,580 dhidi ya 5,092, na pengo linashuka hadi 2,830 hivi. Toa 2,662 ambazo hospitali ingekuchangia kwenye 401(k) (kwa kawaida sharti nawe uchangie ndipo uzipate, na wengi huziacha hivihivi). Umebaki na kama 170.

Bima hatujaigusa bado. Ya hospitali, 180 mara 26, ni 4,680. Ya kujinunulia healthcare.gov, soko la bima la serikali, hutegemea mapato, umri na mahali unapoishi. Tuseme 1,100 kwa mwezi, yaani 13,200. Hapo dola 32 imeipita dola 40 kwa zaidi ya 8,000. Weka bei yako halisi, maana hiyo ndiyo inayoamua.

Jingine: mwenye 1099 hana haki ya ovataimu ya mara moja na nusu baada ya saa 40, na kodi huipeleka mwenyewe mara 4: Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15. Anayengoja Aprili ifike huweza kukuta faini juu ya deni.

Kutoka Minneapolis

Hesabu ya Columbus iko sawa, ila imeegemea upande mmoja. Nusu ya ile 15.3 hupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi, na bima ya kujinunulia vilevile, isipokuwa kwa miezi ambayo mwenzi wako angeweza kukuingiza kwenye bima ya kazini kwake. Na kama mwenzi anayo bima nzuri, ofa zote mbili zinakaribia sare. Hapo tazama saa.

Zamu ya saa 1 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri inakurudisha nyumbani karibu na muda watoto wanapotoka shule. Ya saa 9 alasiri hadi saa 5 na nusu usiku ina maana kwamba siku za shule utawaona wakiwa wamelala. Dakika 45 za kwenda na 45 za kurudi, siku 5, wiki 48, ni saa 360: wiki 9 za kazi usizolipwa.

Siku 20 za likizo nazo mara nyingi hupewi zote siku ya kwanza. Zikikusanywa kila malipo ni saa 6.15, hivyo wiki 3 hutimia baada ya miezi 9 hivi. Uliza kama unaweza kuzichukua mfululizo, na kama Desemba likizo haziruhusiwi. Kwenda Nairobi au Dar kwa siku 10 ni kuwalipa watu wa ndege tu.

Na wakala anayekupangia zamu na kukusimamia huku akikuita mkandarasi, mtilie shaka. Wapo mawakala wanaolipa kwa W-2.

Kutoka Columbus

Nyongeza. Bima mpya inaweza kungoja hadi siku 90. COBRA, yaani haki ya kuendelea na bima ya kazi ya zamani, una siku 60 za kuichagua na inarudi nyuma hadi siku bima ilipokatika, ila unaweza kulipishwa hadi asilimia 102 ya gharama yote. Kama mnatarajia mtoto: zile wiki 12 za FMLA, sheria ya likizo ya familia na ugonjwa, ambazo hazina malipo, zinataka miezi 12 na saa 1,250 kwa mwajiri huyo huyo, na ukihama unaanza sifuri. Bonasi ya kusaini nayo, soma kama ukiondoka mapema unarudisha kiasi kabla ya makato au ulichopokea mkononi.

Kutoka Dallas

Asanteni sana. Hospitali wamejibu: bima inaanza tarehe 1 ya mwezi unaofuata, zamu ni ya asubuhi, wiki 3 mfululizo zinawezekana kwa kibali cha meneja.

Kutoka Minneapolis

Meneja hubadilika. Iandikwe kwenye barua ya ofa.