Mbwa kabeba jogoo wangu mdomoni, halafu eti HONGERA MWANANGU??

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka, mnisamehe herufi. Huyu mtu mnamjua. Msijifanye. Wote mliopo hapa Entebbe mnamjua: yule wa geti jeusi, njia ya kushukia ziwani, mwenye Labrador anayekula nyama kuliko mtaa mzima. Jina silitaji, nisije nikaitwa kwa LC, baraza la mtaa.

Leo saa mbili asubuhi nasikia jogoo wangu analia kilio ambacho kuku halii. Natoka na taulo. Naona mkia wa jogoo wangu unaingia geti la watu, unaning'inia kwenye mdomo wa lile jibwa. Nakimbia, nafika. Hapo ndipo nilipokufa. Mbwa anamweka jogoo miguuni pa bosi wake, taratibu, kama mshenga anayeleta posa. Na huyu mtu, badala ya kuniambia pole, badala hata ya kuona haya kwamba nimesimama pale na taulo, ANAMPAPASA MBWA KICHWA. "Hongera, mwanangu."

Hongera! Mwanangu!

Jogoo wa elfu sitini yuko kwenye sementi, amelowa mate kuanzia upanga wa kichwani hadi mkiani, jicho moja linanitazama: baba, ulikuwa wapi?

Na mbwa mwenyewe mwoga wa kutupwa! Jumapili kalooli, yule korongo mkubwa mla taka, alitua kwenye pipa lao. Hakufanya lolote, aligeuza shingo tu. Mbwa akaingia chini ya gari, akatoka kesho yake. Tumbili wakija kuiba maembe wanamvuta mkia, yeye anaangalia pembeni kama trafiki aliyeona gari la mkubwa. Lakini kwa jogoo wangu wa kilo tatu, hapo anageuka simba wa mbuga ya Kidepo.

Nikamwambia, ssebo, huyo kuku ni wangu. Anajibu nini? "Asingekimbia, asingefukuzwa." Na bado anampapasa! Mazungumzo yote yale, mkono haukutoka kichwani mwa mbwa.

Nishaurini. Niende LC au nimwage pilipili getini?

Mvuvi_Kigungu: Pole mkuu. Marehemu amezikwa au ameliwa?

Mleta uzi: Yuko hai. Yuko hapa chini ya meza. Lakini HAJAWIKA tangu asubuhi.

MamaMapacha: Subiri kwanza. Yuko HAI? Mimi nimesoma na machozi, nimeshatoa na leso.

Mvuvi_Kigungu: Ana jeraha?

Mleta uzi: La moyoni.

BwanaMifugo: Labrador alizalishwa kwa kazi hiyohiyo. Mwindaji anapiga bata, mbwa anamfuata majini na kumleta bila kumtoboa. Mdomo laini. Shukuru hakuwa terrier, wale wa kuua panya, hao wanatikisa shingo mara moja tu, kwisha. Na jirani yako hajakosea: kinachokimbia ndicho kinachomwamsha mbwa, hata akiwa ameshiba. Kalooli hakimbii, anasimama tu, kwa hiyo mbwa anaishiwa maarifa. Kitaalamu, kijana amefanya kazi safi.

Mleta uzi: Yaani na wewe unampapasa kichwa?

NyumbaYaNyuma: Mimi nimepakana na mleta uzi. Huyo jogoo anaanza saa tisa usiku. Sio kumi na moja, SAA TISA. Leo nimelala mchana usingizi ambao sijaupata tangu Iddi. Mbwa anunuliwe mfupa, nachanga elfu tano.

MamaMapacha: Niongeze na mimi elfu mbili.

Abiria_wa_Boda: Mnalilia kuku ambaye hajafa? Mimi kalooli kaninyea niko na shati jeupe, naenda kujitambulisha ukweni. Na msiniambie ilikuwa bahati mbaya. Ndege anajinyea miguu yake mwenyewe ili apoe joto, atakuonea wewe huruma? Mzee wa ukweni hakuniuliza kabila wala kazi. Aliniuliza kama nahitaji maji.

MamaMapacha: Heri kalooli. Kunguru wamenibebea mukene, hawa dagaa wa ziwani, niliowaanika, karibu nusu ya beseni, na mbwa wangu amelala palepale anawatazama kama anaangalia mpira. Nikamrushia kandambili. Akaniletea.

BwanaMifugo: Huyo naye ana damu ya Labrador.

Mvuvi_Kigungu: Dada, mukene unawaanika chini? Kila siku nasema, jenga kichanja, tandika wavu juu, na mwingine wa kufunika. Chini ni mchanga, kuku, kunguru, kila mtu anakula kabla yako.

MamaMapacha: Wavu bei gani siku hizi?

Mleta uzi: Jamani. Mkono. Kichwani mwa mbwa. Mbele yangu.

Mvuvi_Kigungu: Inategemea matundu, dada. Usichukue mpya, tafuta uliochakaa kidogo pale mwaloni wanaposhushia samaki, kwa kazi hiyo unatosha.

Abiria_wa_Boda: Na madoa ya kalooli je, yanatolewa na nini? Shati nimeazima.

NyumbaYaNyuma: Banange. Amewika.