Kikundi cha familia, Wete: picha ya atomu

*Rukia:* Asalaam alaykum. Ami Hamad upo? Mwalimu kachora atomu ubaoni, kiini katikati na elektroni zinazunguka kama sayari. Kisha mwenyewe akasema sivyo ilivyo. Sasa katuchorea nini?

*Kombo:* Kakufanyieni shere 😂

*Ami Hamad:* Waalaykum salaam mwanangu. Kasema kweli. Picha hiyo ni ya Niels Bohr wa Denmark, mwaka 1913. Kabla yake zilikuwepo nyengine, na baada yake imekuja nyengine.

*Shangazi Time:* Nani kaacha mfereji wazi huku uani?

*Rukia:* Si mimi shangazi. Ami, ya kwanza nani kaitoa?

*Ami Hamad:* Democritus, Mgiriki, zaidi ya miaka 2,300 nyuma. Alisema ukikata kitu utafika pahala hakikatiki tena. Ila ilikuwa rai tu, hakupima kitu.

*Mzee Faki:* Hata maulamaa wa ilmul-kalam, elimu ya hoja za itikadi, waliyajadili hayo, jauhar yaani chembe isiyogawika. Mwanafalsafa Ibn Sina akawapinga.

*Ami Hamad:* Naam, Mzee. Aliyekuja na vipimo ni John Dalton wa Manchester, mwanzo wa karne ya 19. Elementi huungana kwa uwiano maalumu wa uzito. Maji popote uyatekapo, gramu 1 ya haidrojeni kwa gramu 8 hivi za oksijeni. Akasema basi kila elementi ina atomu zake, na hazigawiki.

*Ami Hamad:* Mwaka 1897 J.J. Thomson, Cambridge, akagundua elektroni, chembe yenye chaji hasi, nyepesi kuliko atomu ya haidrojeni mara 1,800 hivi. Kumbe ndani mna vitu!

*Kombo:* Dalton kala hasara

*Ami Hamad:* Wapi! Hesabu zake za uzito mnazitumia skuli mpaka leo. Sasa Rukia, hapa ndipo ninapopapenda mie. Thomson alidhani chaji chanya imetandaa atomu nzima. Mwaka 1909, Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden, mwanafunzi wa miaka 20, wakafanya kazi chini ya profesa Ernest Rutherford. Wakazielekeza chembe za alfa, nzito kuliko elektroni na zenye chaji chanya, kwenye karatasi nyembamba za dhahabu na metali nyengine. Wanakaa gizani, jicho kwenye hadubini, wanahesabu vimetameta vya mwanga kimoja kimoja, kila chembe igongapo kioo. Karibu zote zinapita. Lakini chache zinarudi nyuma! Kwenye platinamu, 1 kati ya 8,000 hivi.

*Shangazi Time:* Dhahabu wanaitwanga mizinga, na mimi hata kipini sina

*Rukia:* 😂😂 Zimegonga nini?

*Ami Hamad:* Ingekuwa chaji imetandaa, isingekuwa na nguvu ya kuzirudisha. Rutherford akapiga hesabu, mwaka 1911 akasema chaji hiyo na karibu uzito wote vimejikusanya kwenye kiini kidogo mno. Weka punje ya mchanga katikati ya uwanja wa Gombani. Hiyo ndiyo kiini, na elektroni ziko huko majukwaani.

*Kombo:* Na baina yake?

*Ami Hamad:* Hamna kitu.

*Rukia:* Sasa Bohr kakosea wapi?

*Ami Hamad:* Elektroni ikizunguka vile ingepoteza nishati ikatumbukia kwenye kiini. Bohr akasema hapana, ina viwango maalumu vya nishati, haikai baina yake. Rangi za mwanga wa haidrojeni zikamkubalia barabara. Heliamu, yenye elektroni mbili tu, ikamshinda. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger akatoa mlinganyo wake, na njia za kuzunguka zikafutika. Umebaki uwezekano wa kuikuta elektroni hapa au pale. Nyutroni, chembe ya kiini isiyo na chaji, ndiyo ilichelewa, James Chadwick kaipata 1932.

*Rukia:* Mtihani nichore ipi?

*Ami Hamad:* Wakitaka ya Bohr, chora miduara. Wakiuliza elektroni iko wapi hasa, usichore mduara hata mmoja.

*Rukia:* Na protoni kiinini zote chaji chanya, mbona hazisukumani zikatawanyika?

*Ami Hamad:* Zinasukumana! Ila ipo nguvu nyengine inayozishika, kali kuliko hiyo, na haifiki nje ya kiini. Hiyo niulize baada ya Isha, na kwaki, vijichembe vilivyomo ndani ya protoni, nitakueleza hapo hapo.

*Kombo:* Kwaki tena??